Kiwanda hupigwa picha kingali hai

Mtandaoni picha za magofu haziishi. Juzi zilikuwa za viwanda vya Ulaya Mashariki vilivyokufa ujamaa ulipoanguka: paa limetoboka, mashine imeota kutu, jua la jioni linapenya dirisha lisilo na kioo. Vijana wetu wa kamera hapa Nairobi walizisifu kweli, kisha wakaanza kuulizana ni wapi Industrial Area watapata mandhari kama hayo. Mimi naona wanapoteza muda. Kutu ya Ujerumani na kutu ya Athi River ni kutu ile ile. Haikwambii nani alikuwa akifanya kazi pale wala alienda wapi.

Afadhali watafute kazi za Helga Paris, mpiga picha wa Ujerumani Mashariki. Mwaka 1984, miaka mitano kabla ya Ukuta wa Berlin kufunguliwa, mama huyu aliingia Treff-Modelle, kiwanda cha nguo cha serikali huko Berlin Mashariki, akawapiga picha wanawake waliokuwa kazini. Nyeusi na nyeupe tu. Wamevaa nguo zao za kazi na wanamtazama usoni. Mmoja amechoka, mwingine ni kama anataka kucheka. Hakuna anayejifanya shujaa wa taifa, ingawa shujaa mwenye tabasamu ndiye aliyetakiwa na propaganda ya chama tawala.

Halafu ikaja 1990. Ujerumani mbili zikaungana, na shirika la serikali la Treuhandanstalt likakabidhiwa kampuni za umma za Mashariki zipatazo 8,500, zenye wafanyakazi kama milioni 4, liziuze au lizifunge. Kufikia mwisho wa 1994 lilikuwa limemaliza kazi na kuvunjwa, na viwanda vya nguo vilikuwa miongoni mwa vilivyoumia zaidi. Ukirudi kwa wale wanawake wa 1984 ukijua hayo, unaanza kuuliza maswali ambayo gofu haliwezi kukuulizisha: huyu wa miwani alipata kazi nyingine? Huyu msichana alihamia Magharibi?

Gofu nalo lina siku yake, sikatai. Helga Paris huyo huyo alipiga picha nyumba zilizochakaa za mji wa Halle, na maonyesho yake yakazuiwa 1986. Gofu ambalo mwenyewe bado ana mamlaka ya kukunyamazisha ni habari nyingine kabisa.

Yuko pia mpiga picha Boris Mikhailov wa Kharkiv, Ukraine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliwapiga picha watu wasio na makao katika mji aliozaliwa, wengine wakivua nguo mbele ya kamera, naye akiwalipa. Kuna ambazo siwezi kuzitazama mara mbili, na hayo malipo yananikera. Lakini huwezi kumwambia ni mtalii. Mji ule alikuwa ameupiga picha tangu enzi za Wasovieti.

Sasa sisi. Kenya haikuwa nchi ya kijamaa, hata kama ule Waraka Nambari 10 wa serikali wa 1965 ulitaja ujamaa wa Kiafrika tangu kwenye jalada. Hata hivyo, soko lilipofunguliwa miaka ya 1990 na mitumba ikajaa Gikomba, tulizika viwanda vya nguo kama wenzetu. Kicomi ya Kisumu ilikufa. Rivatex ya Eldoret ilianguka, hadi Chuo Kikuu cha Moi kikaichukua 2007. Wale akina mama na vijana waliosimama kwenye mashine hizo, picha zao ziko wapi?

Ziko chini ya vitanda. Mzee mmoja jirani yetu hapa Makongeni anayo moja ndani ya bahasha ya kaki: wanaume wamejipanga safu mbili mbele ya karakana, maovaroli yamefungwa vifungo mpaka shingoni, na nyuma kuna muhuri wa studio uliofifia. Anakuonyesha kwa kidole: huyu alikuwa wa kuchomelea, huyu fomeni, huyu alipunguzwa kazi akarudi Busia akafungua posho mill. Hayo yote hayajaandikwa popote. Picha ikibaki bila yeye, itakuwa watu kumi na wawili wasio na majina.

Kwa hiyo nawaambia hao vijana waende EPZ Athi River, lile eneo la viwanda vya kuuza nje ya nchi, sasa hivi. Wengi wanaoshona pale ni wanawake, na tangu 2000 viwanda hivyo vimeegemea soko la Marekani kupitia AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, ambao hatima yake huamuliwa Washington, si Athi River. Askari wa getini hatakuruhusu kuingia, hilo tunalijua. Basi subiri nje jioni watu wakitoka, pale kwenye wauza mahindi na matatu za kurudi Mlolongo. Omba ruhusa kwanza. Andika jina kama mtu amekubali, kazi anayofanya, tarehe na kiwanda. Mpelekee nakala yake iliyosafishwa kwenye karatasi, kisha urudi mwaka ujao umtafute tena.