Nishani ya Dola ya Uingereza na mstari uliochorwa chini ya MBE

Ziweke mezani nembo tatu za Nishani ya Dola ya Uingereza, moja kando ya nyingine. Ya OBE (Ofisa wa nishani, daraja la nne) ni msalaba wa rangi ya dhahabu. Ya MBE (Mwanachama wa nishani, daraja la tano) ni msalaba uleule, ila wa fedha tupu, na katikati yake vimechongwa vichwa vya Mfalme George wa Tano na Malkia Mary. Ya tatu, BEM (Medali ya Dola ya Uingereza), si msalaba. Ni kiduara cha fedha chenye sura ya Britannia, mwanamke anayewakilisha Uingereza, ameketi. Utepe wa zote tatu ni mmoja, rangi ya waridi wenye kingo za kijivu cha lulu, na kaulimbiu ni ile ile: Kwa Mungu na kwa Dola. Lakini mwenye MBE ni mwanachama wa nishani, kwa maana ya herufi yake ya kwanza. Mwenye BEM amepewa medali ya nishani, na uanachama hana. Amesimama nje ya ngazi ya madaraja, chini kabisa.

Mwaka 1993 Waziri Mkuu John Major aliacha kuipendekeza BEM nchini Uingereza, akisema waliostahili wapewe MBE. Mwaka 2012, chini ya David Cameron, ikarudishwa. Tangu hapo wanaosema Major alikuwa sahihi huchukuliwa kama watu wenye kinyongo, wanaomwonea gere mama wa kijijini hata kiduara chake cha fedha. Mimi naona hoja yao haijasikilizwa vizuri, ingawa wa upande wa pili nao wana neno.

Nishani hii ilianzishwa tarehe 4 Juni 1917, vita vikiwa vimepamba moto. Nishani za zamani zilikuwa finyu: ile ya Garter ina nafasi 24 tu za kawaida, ya Bath ilikuwa ya majenerali na watumishi wakubwa wa serikali, ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George ikawa ya mabalozi na wakuu wa makoloni. Mtu aliyesimamia kiwanda cha mizinga au hospitali ya majeruhi hakuwa na pa kuingia, na kama ni mwanamke ndiyo kabisa. Mfalme akaweka madaraja matano na kuwafungulia wanawake mlango tangu siku ya kwanza. Madaraja mawili ya juu, GBE (Msalaba Mkuu) na KBE (kwa mwanamume) au DBE (kwa mwanamke), humpa raia wa Uingereza haki ya kuitwa Sir au Dame. CBE, daraja la tatu, huvaliwa shingoni. OBE na MBE huning'inia kifuani, na wanawake huweza kuzivaa kwenye fundo la utepe karibu na bega la kushoto. Ngazi ndefu, lakini angalau ni ngazi moja.

Ila mwaka huohuo wa 1917 iliwekwa medali pembeni, kwa wale ambao kazi yao ilisifiwa na hadhi yao ikaonekana haitoshi kuwaingiza ndani. Hapa ndipo upande wa 1993 unapopata nguvu. Jeshini kanuni ilikuwa wazi: afisa na afisa mteule walipata MBE, na wa chini yao, kuanzia sajini kushuka, walipata BEM. Chukua watu wawili wa kambi moja, luteni na sajini, waliokesha wiki nzima wakipanga ugavi wa kikosi kile kile, kwa daftari lile lile. Wote wawili wanapendekezwa. Mmoja anakuwa mwanachama wa nishani ya kifalme na mwingine anapewa kiduara. Kilichopimwa hapo ni nyota za begani.

Kwa raia mambo yalikwenda vivyo hivyo. Meneja aliangukia upande wa msalaba, msimamizi wa zamu na tarishi wakaangukia upande wa medali. Na katika King's African Rifles, ambako kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakupewa kamisheni ya uafisa hata angekuwa hodari vipi, mstari huo wa cheo ulikuwa pia mstari wa rangi, ingawa hakuna kanuni iliyosema hivyo kwa maneno.

Watu husahau kwamba Major hakuigusa BEM peke yake. Mwaka huohuo Medali ya Kijeshi, iliyokuwa ya askari wa vyeo vya chini, ilifutwa, na Msalaba wa Kijeshi, uliokuwa wa maafisa na maafisa wateule, ukafunguliwa kwa vyeo vyote. Wala hilo halikuwa geni kwa Waingereza. Msalaba wa Victoria tangu 1856 haujawahi kumuuliza mtu cheo chake. Kwa hiyo wanaosema 1993 ilikuwa siasa ya kuwafurahisha wapiga kura wanasahau kwamba nishani ya juu kabisa ya ushujaa ilikuwa imeishi bila mstari huo kwa karibu miaka 140, na heshima yake haikupungua hata chembe.

Sasa wenzetu wa 2012, wanaotetea kurudishwa kwa BEM. Hoja yao kubwa ni idadi. Kanuni za nishani ziliweka kikomo cha MBE 1,464 kwa mwaka, na OBE 858. BEM, kwa kuwa si uanachama, haiingii kwenye hesabu hiyo, hivyo kuirudisha ni kuongeza nafasi kwa watu wa mitaani: anayefungua ukumbi wa kijiji kila asubuhi, anayewapikia wazee, anayefundisha watoto kuogelea miaka 30 bila malipo. Katika orodha ya kwanza ya 2012 walipatikana 293. Wanasema hakuna aliyeshushwa kutoka MBE. Bila BEM watu hao wasingepata kitu. Wanaongeza, na hili nalikubali bila shida, kwamba medali hii hutolewa karibu na nyumbani, na mwakilishi wa mfalme katika kaunti, mbele ya majirani wanaojua kilichofanyika. Kuna mtu ambaye safari ya kwenda kasri ni mzigo, na ukumbi wa karibu ni furaha tupu. Halafu mpokeaji hualikwa tafrija ya bustani ya kifalme, kwa hiyo si kwamba amesahaulika.

Lakini ile 1,464 inanikera kila ninapoiona ikitajwa kama vile imeshuka na mvua. Ni nambari iliyoandikwa kwenye kanuni, na kanuni za nishani hii zimebadilishwa kila ilipohitajika. Desemba 1918 iliongezwa tawi la kijeshi. Utepe ulikuwa wa zambarau, na katika miaka ya 1930 ukafanywa wa waridi. Britannia alikuwa kwenye misalaba pia, akaondolewa ili mfalme na malkia wapate nafasi. Kama rangi ya utepe inabadilishwa kwa amri, nambari nayo inabadilishwa kwa amri. Ongeza 293 kwenye 1,464 upate 1,757. Hata ukiziongeza mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa orodha hutoka Mwaka Mpya na siku rasmi ya kuzaliwa mfalme, unafika 2,050. Nani angeanguka kitini kwa kusikia hivyo? Uwezekano wa kupanua mlango ulikuwepo. Kilichochaguliwa ni kujenga baraza nje na kuwakaribisha watu wakae hapo.

Na sherehe ya nyumbani, kwa uzuri wake wote, haikuhitaji BEM. Mwakilishi wa mfalme anaweza kumkabidhi mtu MBE wilayani kwake kama mpokeaji mwenyewe anapenda hivyo. Kinachouma ni kwamba mwenye MBE ana njia ya kasri, ambako mfalme au mtu wa ukoo wake humbandika nembo kwa mkono wake, na mwenye BEM hapewi kuchagua.

Sitaki kuufanya upande ninaoupenda uonekane hauna doa. Mageuzi ya 1993 yaliahidi pia kuondoa nishani zinazokuja zenyewe na kazi, na kwenye hilo yalichechemea. Mpaka leo mkurugenzi wa taasisi ana harufu ya CBE, mkuu wa idara ana harufu ya OBE, na karani aliyebeba ofisi mgongoni, akibahatika, ni MBE. Waingereza wenyewe hutania kwamba MBE maana yake ni juhudi zangu mwenyewe, na OBE ni juhudi za watu wengine. Kuondoa mstari wa chini hakukunyoosha ngazi yenyewe, na anayedai kwamba kuliinyoosha anadanganya. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kuwa daraja la tano na kutokuwa na daraja. Mwenye MBE anaweza kulalamika kwamba alistahili zaidi. Mwenye BEM hana hata mahali pa kuanzia lalamiko lake.

Jambo moja dogo hunifurahisha. Siku za kawaida askari havai nembo zenyewe, huvaa kipande kifupi cha utepe juu ya mfuko wa koti. Kipande cha CBE, cha OBE, cha MBE na cha BEM ya jeshini ya zamani ni kimoja: waridi, kingo za kijivu, na mstari wa kijivu katikati ambao ni alama ya tawi la kijeshi. Ukikutana na wanne hao kwenye ngazi za ofisi huwezi kuwatofautisha, mpaka siku ya gwaride chuma kitoke kwenye sanduku.

Swali linalobaki ni la wale waliokwisha kupewa medali. Huulizwa kana kwamba kuwainua kungevuruga dunia. Jibu lipo ndani ya historia ya nishani hiyohiyo. Medali ile ya 1917 iligawanywa mwaka 1922 ikawa mbili, moja ya utumishi mwema, ambayo ndiyo BEM ya leo, na nyingine ya ushujaa. Mwaka 1940, Mfalme George wa Sita alipoanzisha Msalaba wa George, wenye medali ya ushujaa waliokuwa hai waliambiwa wairudishe. Wakaileta, wakapewa msalaba mpya badala yake, na tangu hapo wakahesabiwa mara tu baada ya Msalaba wa Victoria.