Maelezo Rasmi Kuhusu Ile Video

Haya, nimesalimu amri, naandika. Tangu juzi simu yangu haipumziki. Yule Mpare niliyesafiri naye ameitupa video kwenye kundi la darasa, kundi la darasa likaitupa kwenye kundi la Watanzania tunaosoma huku China, na sasa nasikia imeshafika Moshi, tena imeandikwa maneno kwa juu: "Mchaga akifukuzwa na fahali, uchi wa mnyama, Mlima Everest."

Katika maneno hayo ya kweli ni mawili tu: "Mchaga" na "akifukuzwa".

Uchi sikuwa. Suruali zilikuwepo, zote tatu, ila zilikuwa magotini. Everest hatukuuona hata kwa mbali; tulikuwa Tibet, kwenye njia ya miguu inayotoka monasteri ya Ganden kwenda ile ya Samye, na Everest iko huko magharibi, safari nyingine na bajeti nyingine. Na kuhusu fahali, tulieni, tutafika kwa fahali.

Wanaouliza "ulifuata nini Tibet" niwajibu haraka. Likizo. Mgeni huku haruhusiwi kujiendea tu. Lazima upate kibali cha Tibet kupitia wakala, na lazima uwe na mwongozaji. Mkiwa wengi gharama inagawanyika, na Mpare aliigawa mpaka senti ya mwisho, mnawajua hawa watani zetu. Tukawa mimi, yeye, dada mmoja Mkenya anayesomea udaktari, na vijana wawili wa Kibrazili ambao mpaka leo sijui walikuwa wanacheka nini tangu siku ya kwanza.

Shida ilianzia kwenye treni. Ile treni ya kutoka Xining kwenda Lhasa inapita Tanggula, mita 5,072 juu ya usawa wa bahari, na kila abiria ana tundu lake la kuchomeka mpira wa oksijeni. Watu wameshika vichwa, Wabrazili wamenyamaza kwa mara ya kwanza, na mimi nimesimama katikati ya behewa natoa mhadhara. Kwamba hii ni tambarare tu. Kwamba kwetu kuna mlima wa mita 5,895. Kwamba anko wangu ni mgumu wa mlimani, amebeba mizigo ya wazungu mpaka mabega yamekuwa na kona, kwa hiyo hewa nyembamba kwetu ni urithi wa ukoo.

Sikusema kwamba kijiji chetu Marangu hakifiki hata mita 2,000, na kwamba Kilimanjaro nimeipanda kwa macho, kutoka uani kwa bibi. Hawakuuliza.

Lhasa yenyewe iko mita 3,650. Wenzangu wa Moshi wataelewa: ni karibu sawa na Horombo, kambi ya Kilimanjaro ambako watalii hufika siku ya pili wakiwa wanatambaa. Sasa fikiria mji mzima uko huko, na maduka, na foleni, na watoto wanakimbia kwenda shule. Usiku wa kwanza kichwa kiliniuma hadi nikasikia nywele zinaota. Asubuhi dada Mkenya akaniletea Diamox, dawa ya ugonjwa wa mwinuko, akanieleza vizuri kabisa, kidaktari: inasaidia mwili kuzoea, meza asubuhi na jioni, lakini ujue itakukojoza. Nikasikia "itasaidia". Ile sehemu ya mwisho ikapita hivi hivi.

Jambo lingine dogo la Lhasa, lishikeni maana tutalihitaji. Kuna njia inaitwa Barkhor inayozunguka hekalu la Jokhang. Mahujaji wanaizunguka kutwa, wengine wanazungusha magurudumu ya sala, wengine wanajilaza kifudifudi kwenye mawe, wanainuka, wanapiga hatua, wanajilaza tena. Wote mwelekeo mmoja, hekalu likiwa mkono wa kulia. Mimi nikaingia kinyume ili nipate picha nzuri. Bibi mmoja mfupi akanishika mkono wa koti, akanigeuza, akanisukuma kidogo mgongoni, akaendelea na sala zake. Wala hakukasirika.

Ya njiani nitayaruka. Ganden iko mita 4,300 hivi, ilianzishwa mwaka 1409, ni nzuri mno, na picha zangu zote za pale nina sura ya mtu anayedaiwa. Mizigo ikabebwa na yak, wale ng'ombe wa huku wenye manyoya marefu. Tukapanda kwenda Shug La, kipito cha mlimani, mita 5,250 hivi, yaani hapo Kibo Hut, kambi ya juu kule Kilimanjaro, umeiacha chini kabisa na hewa imebaki nusu na kitu. Pale juu kuna bendera za sala za rangi tano zinapigwa na upepo, mwongozaji akapaza sauti "Lha gyalo!", miungu wameshinda, na mimi nikakaa kwenye jiwe nikamuwaza anko wangu kwa heshima mpya. Mpare alinirekodi na pale pia. Hiyo video bado hajaitoa. Namfahamu, anaiweka akiba.

Jioni tukashukia bonde lenye wafugaji. Mama mmoja akatukaribisha kwenye hema lake jeusi la manyoya ya yak, katikati jiko linawaka kwa mavi makavu ya yak, maana mti huku hakuna, hata kichaka cha kumficha sungura utakitafuta. Na hilo nalo lishikeni.

Akatumiminia chai. Chai ya Tibet ina siagi na chumvi. Ukiinywa ukiwa unawaza chai utaumia. Uiwaze kama supu ya jana iliyopashwa ndipo inapita. Mimi nimelelewa na bibi yangu: ukikaribishwa unamaliza, kubakiza ni dharau. Nikafumba macho, nikamaliza. Mama akafurahi, akajaza. Nikamaliza. Akajaza. Nikamwangalia Mpare: kikombe chake kimejaa, hakigusi, anatabasamu tu. Nikajisemea huyu hana adabu, kama kawaida yao. Nikamaliza kwa niaba ya taifa. Mama akajaza.

Wakati huo mwongozaji alikuwa nje anashughulika na mizigo. Aliporudi ndiyo akasema, polepole, kwamba hapa kikombe cha mgeni hakiachwi kitupu. Ukiwa umetosheka unakiacha kimejaa, unakuja kukinywa wakati wa kuaga. Mpare alishaambiwa tangu Lhasa. Tangu Lhasa, jamani! Mtani wangu alikaa pale akinitazama nafurika.

Basi piga hesabu mwenyewe: Diamox, birika zima la chai ya chumvi, na baridi.

Naamka usiku wa manane. Si kuamka kwa "mh, nahisi mkojo". Ni kuamka kwa mtu aliyepigiwa simu ya dharura. Natoka hemani. Upande wa kulia kuna hema la wafugaji, na nje ya hema kuna mbwa. Mbwa wa wafugaji wa Tibet sisi tulionywa kuliko kitu kingine chochote: usiku anafunguliwa, na hajali una kibali. Nikamsikia ananguruma kidogo, kwa chini, ananipa taarifa. Upande wa kulia haufai. Kushoto kuna mahema ya wenzetu, dada Mkenya yumo. Siwezi. Mbele ni uwazi mtupu mpaka China nzima. Lakini nyuma, hatua chache, mbalamwezi ikanionyesha mawe makubwa meusi.

Nikazima tochi ya kichwani. Stara, ndugu zangu. Nikaenda nyuma ya jiwe la kwanza. Nikavua glavu, vidole vikafa papo hapo. Suruali ya kwanza ina mkanda, ya pili ina kamba, ya tatu inabana, na hakuna iliyokubali kushughulikiwa peke yake, kwa hiyo nikazishusha zote kwa pamoja. Mungu ni mwema. Nikaanza.

Sijui kama mmewahi kupata amani ya namna ile. Nyota zilikuwa karibu. Nikafumba macho, nikaegemeza mkono wa kushoto kwenye jiwe.

Jiwe lilikuwa la moto.

Nikafikiri: labda limekaa juani mchana kutwa, mawe hutunza joto, tulisoma jiografia. Nikalipapasa. Lina nywele. Nikafikiri: labda ni majani, au kuvu. Mjue kwamba muda wote huu shughuli inaendelea, na shughuli ile ikishaanza haina breki. Nikalipapasa tena, taratibu, kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Jiwe likavuta pumzi. Mimi nikaacha kuvuta yangu. Halafu kutoka ndani ya jiwe ikatoka sauti, si ya ng'ombe, yak halii kama ng'ombe, anaguna. "Hhrrm", kama mzee aliyemwagiwa maji usingizini. Na kusema kweli ndicho nilichokuwa nakifanya.

Jiwe likasimama. Likawa na pembe.

Nikakimbia. Sasa kukimbia na suruali magotini, tena tatu, ni hatua za sentimita ishirini ishirini. Kwenye mita karibu 5,000 mapafu yanakuruhusu hatua kumi, kisha yanakuuliza ulikuwa unasemaje. Nikajikwaa kwenye kamba ndefu iliyotandazwa chini, na kwenye kamba hiyo wamefungwa ndama, mstari mzima, wote wakaamka. Yule wa nyuma yangu akaniona niko katikati ya ndama. Mpaka hapo alikuwa amekereka tu. Sasa akawa na sababu.

Nikapiga ukunga. Mpare anasema nilisema "Mama yangu weee". Siwezi kuthibitisha. Mbwa akaitikia, mahema yakawaka taa, na mbele yangu nikaona rundo la mawe ya mani, yale yaliyochongwa sala. Nikaanza kulizunguka, mimi mbele, mnyama nyuma. Wenyeji wametoka wote. Mwongozaji anapunga mkono, anapiga kelele kitu. Mama mwenye chai naye anapunga. Nikadhani wananiambia nilale chini, nikadhani wananielekeza pa kukimbilia. Hapana. Nilikuwa nalizunguka kinyume. Walikuwa wananiomba nigeuke, rundo liwe mkono wa kulia.

Sasa kugeuka maana yake ni kukutana naye uso kwa uso. Niliwakatalia. Mungu anisamehe, nao wanisamehe.

Aliyeniokoa ni mtoto. Binti wa umri wa darasa la nne, akatoka amejifunika blanketi, anapiga miayo, akapiga mluzi mmoja, akarusha kijiwe pembeni ya mnyama, na mnyama akageuka akaenda kulala. Mtoto akaniangalia, akaangalia suruali, akarudi hemani. Hakusema chochote.

Haya, fahali. Asubuhi niliamshwa nione mama anakamua. Anamkamua yuleyule, mwenye pembe iliyopinda kidogo. Ni jike, dri kama wanavyowaita, na wale niliowaangukia ni ndama wake na wa wenzake, hufungwa usiku wasimalize maziwa. Kwa maziwa yale ndiyo inapatikana siagi ya chai. Kwa maana hiyo jioni nilikunywa cha kwake, na usiku nikamrudishia.

Yaliyobaki ni kutembea tu. Tukavuka Chitu La, kipito kingine, tukashuka mpaka kwenye joto, tukafika Samye, monasteri ya kwanza ya Tibet, ya karne ya 8, na Wabrazili wakaizunguka kwa hatua za sentimita ishirini ishirini, mikono imeshika magoti. Dada Mkenya akaniongezea maelezo ya Diamox, safari hii kwa maandishi. Gari, Lhasa, treni. Kwenye treni sikutoa mhadhara.

Video imeshamfikia mama. Alinipigia jana usiku. Nilijiandaa kueleza kuhusu suruali, kuhusu heshima ya ukoo, kuhusu anko. Mama yangu anafuga ng'ombe wawili wa ndani. Hakuuliza kama niliumia. Aliuliza yule anatoa lita ngapi kwa siku. Nikamwambia nadhani moja, mbili hivi. Akakaa kimya, akafikiri.

"Na pembe zote zile?" akasema. "Majani ya mgomba anakula?"