Tangi la Knatmis

Ofisini kwetu gofu iliingia pamoja na mkurugenzi mpya. Yule wa zamani alikuwa mtu wa bao, na sote tulishajua namna ya kufungwa naye kwa heshima. Huyu akaja na begi la fimbo 14 (ndio mwisho kisheria, ya 15 ni kosa), na mwezi haukuisha kila idara ikatakiwa itoe mtu wa kwenda kucheza bonanza Dar. Uhasibu wakanitoa mimi. Sababu waliyoandika ni kwamba nina mikono mirefu.

Nilishagusagusa gofu hapa Morogoro, na ugonjwa wangu makedi wote, wale wabeba mabegi ya fimbo, waliujua. Mpira unatoka vizuri, unakwenda kama una akili zake, halafu katikati ya safari ni kama umekumbuka kitu nyumbani: unakata kona kulia. Wenyewe wanaita slesi, kama ya mkate. Kedi mmoja aliniambia, "Bosi, wewe ukilenga Uluguru unapiga Mindu."

Nikatafutiwa kocha. Kijana wa hapahapa, alianza kwa kubeba mabegi ya watu, sasa yuko Dubai kwenye uwanja wa mazoezi. Masharti yake yalikuwa mepesi: nimtumie video kwa WhatsApp, yeye achore mistari myekundu juu ya mwili wangu kama fundi anayepima mlango uliopinda, anirudishie na ujumbe wa sauti.

Somo la kwanza lilikuwa kujipanga. "Bosi, watu wanahangaika na swingi wakati kosa limeshafanyika kabla fimbo haijanyanyuka. Umesimama unaangalia Iringa, unataka mpira uende Dodoma. Mwili ukigundua umepotea, mikono ndiyo inaanza kulipa deni." Dawa yake ilikuwa reli. Mpira umekaa juu ya reli moja, inayokwenda moja kwa moja hadi kwenye bendera. Vidole vya miguu vinapanga reli ya pili, na magoti, kiuno na mabega vinaifuata hiyo ya pili. Miguu hailengi bendera. "Fikiria SGR, bosi. Reli zikikutana, hakuna treni."

Nikaelewa. Nikachukua mpini wa mopa na mpini wa fagio, nikavilaza uani. Chandarua nikakitundika mbele kuzuia mipira. Kocha alisema simu ikae nyuma yangu, usawa wa mikono, itazame upande mpira unakokwenda. Nikaisimamisha juu ya ndoo mbili, na kwa kuwa sikuwa na wa kunishikia, nikatumia kamera ya mbele ili nijione kama kichwa kimo kwenye picha.

Jibu likaja usiku. "Khaa, kumbe bosi unapiga kushoto! Mbona hukuniambia?"

Nilishangaa kidogo, maana mipira yangu yote huenda kulia. Lakini mtaalamu ni mtaalamu, huenda ameona kitu ndani ya mwili. Nikamjibu, "Ndiyo maana nimekutafuta, kocha."

Akasema nisijali, wa aina yangu ni wachache ila wamo mabingwa. Akaanza kunitumia video za Phil Mickelson, bingwa wa gofu wa Marekani, asubuhi na jioni. Nikamsoma huyo Mickelson: mwaka 2021 alishinda PGA, moja ya yale mashindano manne makubwa ya gofu yanayoitwa meja, akiwa na miaka 50, na hakuna aliyewahi kushinda taji la meja akiwa mkubwa kuliko yeye. Mimi nina 49. Nikajua ananitia moyo kiumri.

Basi masomo yakaendelea. "Reli ya miguu bado, peleka kulia." Napeleka kulia. Natuma. "Bosi, mbona umezidi kwenda kushoto? Ongeza kulia." Naongeza. Wiki ya pili nilikuwa nimeuacha mpapai niliokuwa naulenga, natazama kona ya banda la kuku. Wiki ya tatu natazama mlango wa choo, na sauti bado inatoka Dubai: "Kidogo tena kulia."

Halafu kulikuwa na suala la uzito. Kila pigo likiisha, uzito wote uwe umehamia mguu wa kulia, kisigino cha kushoto kimenyanyuka. Wewe unayesoma, kama unatumia mkono wa kulia, shika fagio, lizungushe kwenda kushoto huku mwili unaegemea kulia. Nitasubiri. Mimi nilikaa juu ya mchicha mara mbili. Mke wangu alikuja na beseni lake, akanitazama, akasema, "Baba watoto, hiyo ndiyo gofu au unakwepa nyoka?"

Tatizo la chandarua ni kwamba hakikuambii mpira ungefika wapi. Kila mpira unaoingia wavuni ni mpira mzuri. Nikapanda treni kwenda Dar nikiwa najiamini, na mipini yangu miwili begani, abiria wakinidhania fundi rangi.

Shimo la kwanza, mkurugenzi amesimama pale na kofia yake nyeupe. Nikalaza mipini yangu chini, nikasimama katikati ya reli. Msimamizi akaja taratibu. Akanieleza kwamba wakati wa mashindano ni marufuku kuweka kitu chochote chini kikusaidie kulenga, ukishasimama hapo umeshakosa, hata ukikitoa. Mikwaju miwili. Kwa hiyo nilianza bonanza nikiwa nadaiwa, na mpira bado uko mfukoni.

Nikapanga miguu kwa kichwa, kama nilivyofundishwa. Kedi wangu, mzee wa makamo, akakohoa.

"Bosi, bendera ile kule."

"Naiona."

"Hapo ulipolenga ni kwenye mishkaki."

"Wewe subiri," nikamwambia.

Nilipiga. Mwili ukabaki nyuma, uzito kulia, kisigino cha kushoto hewani, safi kabisa. Mpira wa gofu hauzidi gramu 46, lakini ukifika mwisho wa safari yake unapanda bei. Ulikwenda kulia nilikolenga, halafu, kwa kuwa slesi yangu haikutibiwa, ukaongeza kulia nyingine. Tulisikia mlio wa sinia. Kisha tukasikia mpishi akiuliza, kwa sauti iliyofika hadi kwa mkurugenzi, nani ana ugomvi na yeye. Nililipa mishkaki 32. Nimeikumbuka idadi kwa sababu ilihesabiwa kutoka kwenye nyasi mbele yangu, mmoja mmoja.

Kedi alikuwa amenirekodi kwa simu yangu, kwa kamera ya nyuma. Jioni nikamtumia kocha bila salamu. Akapiga hapohapo.

"Bosi, mbona leo unapiga kulia?"

"Kulia kabisa! Mpaka kwenye jiko la watu!"

"Siulizi mpira. Nauliza mikono. Wewe si mashoto?"

Nikamwambia nakula kwa mkono wa kulia, nasaini kwa mkono wa kulia, na yeye nitamkaba kwa huo huo. Kimya. Halafu akauliza kwa upole: "Lile tangi la maji la jirani yako, nyuma ya chandarua, limeandikwaje?"

"Simtank. Litaandikwaje?"

"Kwenye video zote limeandikwa Knatmis. Nilidhani ni kampuni ya Warusi."

Binti yangu alikuwa ameiweka kamera ya mbele igeuze picha kama kioo, eti ndivyo anavyopenda kujiona. Kocha akaniliwaza kwamba hata Mickelson, pamoja na kupiga kwake kushoto, si mashoto. Utotoni alimtazama baba yake anacheza, akamwiga kama kioo, akabaki hivyo hivyo, na ana mataji sita ya meja. Nikamuuliza sasa tunafanyaje. Akasema rahisi, kila alichonifundisha nikigeuze.

"Ila ada itabidi ulipe upya, bosi," akaongeza. "Yule mashoto alishamaliza. Wewe sijawahi kukufundisha."