Injekta ya Angular: Huduma Iishi Wapi?

Chukua duka la mtandaoni lililojengwa kwa Angular, mfumo wa Google wa kujengea programu za wavuti. Juu ya ukurasa kuna alama ya kikapu yenye idadi ya bidhaa, na chini kuna orodha ya bidhaa, kila moja na kitufe cha "Weka kikapuni". Komponenti hizi mbili, yaani vipande vya ukurasa, hazijuani, lakini lazima zisome kikapu kimoja. Angular hutatua jambo hili kwa kupachika tegemezi (dependency injection): komponenti haijiundii huduma ya kikapu, yaani klasi inayokitunza, bali huiomba, na injekta ndiyo inayoiunda na kuikabidhi. Huduma ikiandikwa `providedIn: 'root'`, yaani isajiliwe kwenye injekta ya mzizi, ile ya programu nzima, kila anayeiomba hupewa nakala ileile.

Mtindo huu ulikuwa umezoeleka kwenye seva, hasa kwa watu wa Java, kabla AngularJS ya Google, mtangulizi wa Angular, haijauleta kwenye kivinjari mwaka 2010. Wanaoupinga wanauliza: je, kivinjari kinauhitaji kweli? Moduli ya JavaScript, yaani faili ya msimbo, huendeshwa mara moja tu hata ikiingizwa na faili ishirini. Ukiweka kikapu ndani ya faili moja na kukisafirisha, tayari unacho kimoja kwa programu nzima, bila injekta wala mapambo (decorators) juu ya klasi. Kihariri nacho kitakupeleka moja kwa moja pale kilipoundwa. Kwa injekta, jibu la "hiki kimetoka wapi?" linategemea mahali komponenti ilipo kwenye mti wa komponenti, na huduma isiyosajiliwa huweza kupita ukaguzi wa TypeScript, lugha inayoandikiwa Angular, kisha ikaanguka wakati programu inaendeshwa kwa kosa la `NullInjectorError`.

Hoja hiyo ina uzito, na kwa programu ndogo inayoishi ndani ya kivinjari peke yake naikubali. Inapovunjika ni pale kurasa zinapoanza kutengenezwa kwenye seva. Huko mchakato mmoja wa Node, kiendeshi cha JavaScript kwenye seva, huhudumia wateja wengi, na kitu kilichohifadhiwa katika moduli huwa cha wote. Kikapu cha mteja mmoja, au mbaya zaidi jina na tokeni yake ya kuingilia, kinaweza kuonekana kwenye ukurasa wa mwingine. Angular huanzisha programu upya kwa kila ombi, ikiwa na injekta yake ya mzizi, kwa hiyo huduma ya mteja huyu haigusani na ya yule. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote, ingawa mjadala mwingi huishia kwenye urahisi wa majaribio.

Hata hivyo, injekta ina mtego wake, nao hauna kelele. Msanidi anaongeza mstari mmoja kwenye komponenti ya orodha: `providers: [KikapuService]`. Programu inajengeka, kitufe kinafanya kazi, bidhaa zinaingia kikapuni, lakini alama ya juu inabaki sifuri. Hakuna kosa lolote kwenye konsoli. Kilichotokea ni kwamba orodha imepata nakala yake yenyewe, huku kichwa cha ukurasa kikiendelea kusoma ile ya mzizi. Kabla ya toleo la 6 la mwaka 2018, lililoleta `providedIn`, tatizo kama hili lilijitokeza pia kwenye moduli za Angular (mafungu ya komponenti na huduma, si faili za JavaScript) zilizopakiwa baadaye, kwa kuwa kila moja ilikuja na injekta yake.

Lakini mstari huohuo, ukiwekwa panapostahili, ni hazina. Fomu ndefu ya hatua nne iliyofunguliwa mara mbili kwenye skrini moja inahitaji hali mbili tofauti, na kila moja ife fomu yake inapofungwa. Moduli ya JavaScript peke yake haikupi hilo. Ungelazimika kulisimamia kwa mkono.

Kuhusu majaribio, faida imepungua kuliko tunavyopenda kukiri. Zamani klasi ilitaja tegemezi zake kwenye konstrakta, ukaweza kuiunda kwa `new` na kuipa huduma ya bandia. Tangu toleo la 14 la mwaka 2022, wengi wamehamia kwenye `inject()`, funksheni inayoiomba huduma ndani ya klasi yenyewe. Inaandikika kwa wepesi na inarahisisha urithi wa klasi, ila sasa hata jaribio dogo linahitaji mazingira ya Angular, na mahitaji ya klasi hayaonekani tena kutoka nje.

Ndiyo maana nisingeweka kila kitu kwenye huduma. Kujumlisha bei, kupanga tarehe, kukagua namba ya simu: hizo ni funksheni za kawaida, ziingizwe kutoka kwenye faili yake. Injekta ibaki kwa vitu vyenye hali au vinavyogusa mtandao na hifadhi. Na unapokagua msimbo wa mwenzako ukakuta `providers` ndani ya komponenti, muulize kama alikusudia nakala mpya, kwa sababu kompaila haitamuuliza.