Toba haihitaji nywila ya simu

Kituo cha kurekebisha waraibu kinachomtaka kijana atoe simu pamoja na nywila yake siku ya kuingia, ati hiyo ndiyo alama ya toba ya kweli, mimi nakipinga. Kiwe cha msikiti, kiwe cha kanisa. Toba ni baina ya mja na Mola wake. Nywila inafungua M-Pesa yake, picha za dada zake, mazungumzo ya rafiki ambao hawakumwomba mtu awaokoe, na majina ya watu ambao sheria ya Kenya ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inaweza kuwafunga. Anayeifungua simu hiyo ameingia nyumba za watu chungu nzima bila hodi.

Wanaoitetea desturi hii wana hoja, tena nzito. Muuzaji wa unga, yaani heroini, hana haja ya kukaa maskani siku hizi. Anatuma ujumbe, anapokea pesa kwa simu, na kete inaletwa na bodaboda, au kwa Lamu inapitishwa kichochoroni. Mtu aliye siku ya pili ya arosto, yale mateso ya kuikosa dawa, akiwa na simu mkononi atampigia muuzaji kabla ya kumpigia mamake. Kwa hivyo simu ichukuliwe, hapo sina ubishi. Ninachobishia ni kuifungua.

Namna ya kuihifadhi si siri. Simu izimwe kabisa mbele ya mwenyewe, isifungwe skrini tu. Simu iliyozimwa ikiwashwa haikubali alama ya kidole mpaka namba ya siri iingizwe kwanza, na hilo humkinga mtu aliyelala fofofo kwa dawa, kidole chake kikiwa wazi kwa yeyote apitaye. Itiwe kwenye bahasha, bahasha igundishwe, mwenyewe atie sahihi na tarehe juu ya mshono. Kabla ya kuizima, awashe namba ya siri ya laini yenyewe, ile ambayo ukiikosea mara 3 laini hujifunga na kudai PUK, namba ya pili ya kuifungulia. Bila hiyo mtu huitoa laini, akaitia kwenye simu nyingine na kupokea jumbe zote za uthibitisho. Awashe pia uthibitisho wa hatua mbili wa WhatsApp, ule wa tarakimu 6, kisha atazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Hapo ndipo wengi wanapopitwa. WhatsApp huruhusu vifaa 4 mbali na simu, na kompyuta ikishaunganishwa huendelea kupokea jumbe hata simu ikiwa imezimwa kabatini, mpaka zipite siku 14. Dakika moja ya simu iliyo wazi yatosha kuiunganisha. Ndiyo maana "tulitazama tu kidogo" si neno la kumtuliza mtu.

Mawasiliano na nyumbani yapitie simu ya kituo, kwa saa zinazojulikana, kwa watu watatu au wanne ambao mraibu mwenyewe amewataja.

Sasa niseme juu ya imani yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa kama kibali cha haya yote. Nina shaka, ila shaka yangu ina mipaka. Harakati ya hatua 12, ya walevi wanaosaidiana kuacha pombe (Alcoholics Anonymous), iliyoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, ilizaliwa ndani ya kundi la kidini, na mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 27 na watu 10,565, yalionyesha kwamba mpango wake ukiendeshwa kwa utaratibu huwasaidia walevi kuacha pombe kabisa kuliko tiba nyingine kadhaa za kisaikolojia. Siwezi kulikana hilo. Sala tano zinaipa siku umbo, kusanyiko linampa mtu wenzake wapya, na mtu anayengojewa kwenye safu ya alfajiri ana sababu ya kulala mapema. Lakini ushahidi huo ni wa pombe. Hauhamishiki kwa heroini kwa kuwa tu tungependa uhamishike.

Arosto ya unga huanza kati ya saa 8 na 12 baada ya kete ya mwisho, hufika kileleni siku ya pili na ya tatu, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki. Huua kwa nadra, na inapoua aghalabu ni kwa kutapika na kuharisha bila maji kurudishwa mwilini. Pombe ni mbaya zaidi. Mlevi wa miaka mingi anayekatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuweweseka kwa hatari kati ya siku ya pili na ya nne. Vidonge vya usingizi, bugizi ikiwemo, navyo havikatishwi ghafla. Kumfungia mtu wa aina hiyo chumbani na kumsomea, pasipo muuguzi wala diazepamu ya kumtuliza, ni kumweka kwenye hatari ya kufa. Hatari nyingine ya kufa huja baadaye, siku anayotoka amepona machoni pa watu. Mwili wake umeshasahau kiwango cha zamani. Akirudia kiasi kilekile cha kabla ya kuingia, pumzi inakata. Wiki mbili za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote. Kituo kinachomtoa mtu bila kumwambia hivi waziwazi, na bila kuwafundisha jamaa zake kwamba naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga, hurudisha pumzi kwa dakika chache lakini nguvu yake huisha ndani ya saa moja au moja na nusu, hivyo hospitali ni lazima, hakijamaliza kazi yake.

Na methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga, ipo. Malindi imekuwa na kliniki yake hospitalini tangu mwaka 2015. Anayesema ni kubadilisha unga kwa unga hajatazama inavyofanya kazi. Inanywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, inakaa mwilini saa 24 na zaidi, haimpandishi mtu wala kumwangusha, na inamwondolea sindano. Kuala Lumpur, msikiti wa Ar-Rahman ulianza kuitoa mwaka 2010 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Malaya, dawa na mawaidha chini ya paa moja. Huo ndio mfano ambao maimamu wetu wangeuchukua.

Narudi kwenye siri, maana hata wale wa hatua 12 waliiweka msingi. Kanuni zao zilizopitishwa mwaka 1950 zinamtaka mwanachama asijitangaze kwenye magazeti, redio wala filamu. Waliona mapema kwamba mtu aliyetangazwa amepona akianguka tena, anaanguka mbele ya umma mzima. Linganisha na ushuhuda unaorushwa moja kwa moja Facebook: kijana amekonda, jasho linamtoka, kipaza sauti mdomoni, anataja mtaa wake na makosa yake. Watasema alikubali. Alikubali siku ya ngapi? Ridhaa inayotiwa sahihi ndani ya arosto si ridhaa. Kama ushuhuda ni lazima, aombwe miezi 6 baada ya kutoka, akiwa nyumbani kwake na uwezo wa kukataa, na aombwe tena kabla ya kila matumizi mapya.

Kuficha jina peke yake hakutoshi kwetu. Ukiandika "kijana wa miaka 27, fundi wa mashua, anatoka Langoni", Lamu nzima imeshamjua kabla ya adhuhuri. Mji ambao kila mtu anamjua mjomba wa kila mtu unahitaji sitara zaidi ya Nairobi. Dini yenyewe imetufundisha kumsitiri Mwislamu mwenzetu aliyekosea, na sioni ni kwa vipi fundisho hilo lifutwe kwa sababu kituo kinatafuta wafadhili.

Ipo pia ile programu ya "kuchungana", hasa kwa uraibu wa picha chafu na kamari. Mtu anaiweka kwenye simu, nayo inapiga picha za skrini na kumpelekea ripoti mchungaji au ndugu aliyeteuliwa. Ili ifanye hivyo kwenye Android huomba ruhusa ya ufikivu, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ambayo huona kila kilichoko kwenye skrini. Septemba 2022 Google iliziondoa dukani kwake programu mbili kubwa za aina hii, Covenant Eyes na Accountable2You, kwa kutumia ruhusa hiyo kinyume na masharti. Programu isiyochagua huona salio la benki, majibu ya maabara na ujumbe wa mke, vyote kwa pamoja.

Lengo likiwa ni kuzuia kamari au picha chafu, kuna njia isiyompeleleza mtu: kubadilisha DNS ya ruta au ya simu, yaani huduma inayotafuta anwani za tovuti, iwe ile inayochuja. Kwa picha chafu, 1.1.1.3 ya Cloudflare hukataa kufungua tovuti hizo bila kumtumia mtu yeyote ripoti. Haizuii kamari, kwa hiyo tovuti za kubashiri inabidi zitiwe moja moja kwenye orodha ya kuzuia ya ruta. Udhaifu wake ni kwamba anayejua atawasha VPN, programu ya kuupita mchujo huo, au atatumia bando lake. Ni kizuizi cha mlangoni, na chafaa kwa kazi hiyo. Tahadhari ni pale kituo kinapomwambia mtu aweke "cheti" kwenye simu ndipo apate waifai. Cheti cha mzizi kikishawekwa, mwenye mtandao anaweza kusoma mengi ya yale yaliyofichwa kwa HTTPS, lile fumbo linalolinda tovuti. Usikiweke. Ukitaka kujua kama kimewekwa, ingia kwenye mipangilio ya usalama ya simu, sehemu ya vyeti vinavyoaminiwa, utazame vile vilivyoongezwa na mtumiaji. Kwa kawaida orodha hiyo ni tupu.

Usidhani kwamba jambo likibeba jina la dini basi data yake iko salama. Novemba 2020 ilifichuka kwamba data za mahali walipo watumiaji wa Muslim Pro, programu ya nyakati za sala na kibla, zilikuwa zikienda kwa kampuni ya X-Mode, iliyokuwa ikiwauzia wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walikata uhusiano huo baada ya habari kutoka. Na kule Ufini, Oktoba 2020, wagonjwa wa kampuni ya tiba ya akili ya Vastaamo walianza kupokea barua pepe za kuwadai yuro 200 kwa bitcoin, la sivyo maneno waliyomwambia mtabibu yangeanikwa. Walioathirika walikuwa kama 33,000. Seva yenye rekodi ilikuwa imeachwa wazi kwenye intaneti bila kinga ya maana. Hiyo ni nchi yenye wataalamu na pesa.

Kituo cha vitanda kumi Malindi hakihitaji mambo makubwa. Daftari la karatasi ndani ya kabati la chuma lenye kufuli ni salama kuliko jedwali la mtandaoni ambalo kiungo chake kimesambazwa kwa wafanyakazi, wakiwemo walioacha kazi. Kama ni kompyuta, diski yake isimbwe kwa fumbo, nayo kompyuta iunganishwe na mtandao kwa waya, si kwa waifai ya wageni. Nywila ya ukurasa wa usimamizi wa ruta, ile iliyobandikwa chini yake na kiwanda, ibadilishwe siku ya kwanza. WPS, ile ya kujiunga kwa kubonyeza kitufe, izimwe, ulinzi uwe WPA2 au WPA3, wageni wapewe mtandao wao wa pembeni. Mtandao usiitwe kwa jina la kituo, kwa sababu simu hukumbuka majina ya mitandao, na mwajiri au mchumba akiishika simu hiyo baadaye atayasoma. Orodha za wagonjwa zisitumwe saiba kuchapishwa. Faili hubaki kwenye WhatsApp ya saiba na kwenye folda ya vipakuliwa, na mteja anayefuata anakalia kiti kilekile.

Kundi moja la WhatsApp la "familia za wagonjwa" nalo livunjwe. Kila mwanachama anaona namba za wote, na kule mjini namba moja ikijulikana ukoo mzima umejulikana.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu hali ya afya kuwa data nyeti. Kifungu cha 45 kinaruhusu taasisi ya kidini isiyo ya faida kushughulikia data nyeti za watu wake kwa sharti kwamba zisitoke nje bila ridhaa ya mhusika, na ushuhuda wa Facebook ni nje. Data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Mzazi anayelipa ada hapati kwa malipo hayo haki ya kusoma faili la mwanawe wa miaka 30. Anayoyahitaji kuyajua, kama vile dawa, hatari ya kurudia na tarehe ya kutoka, aambiwe na mtoto mwenyewe au kwa idhini yake.

Mzazi kabla ya kulipa aombe kuona kibali cha NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na aulize jina la muuguzi. Baada ya Shakahola mwaka 2023, ambapo miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa msituni si mbali na Malindi, hakuna kiongozi wa dini mwenye haki ya kukasirika akiulizwa maswali hayo.

Na anayetoka kituoni akiwa na shaka: kagua sahihi kwenye mshono wa bahasha, ondoa vifaa vyote vilivyounganishwa na WhatsApp, tazama ruhusa za ufikivu na programu zilizopewa usimamizi wa simu, futa cheti usichokijua, badilisha namba ya siri ya M-Pesa na nywila ya barua pepe ukiwa nje ya mtandao wa kituo. Kisha andika barua ukitaka nakala ya kila walichoandika kukuhusu, na picha zako zifutwe. Wakikataa, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Sheria inampa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza.