Miji jirani na fedha za HOME: mlango ni mmoja, deni ni la nani?

Lewiston na Auburn, katika jimbo la Maine nchini Marekani, zimetenganishwa na mto Androscoggin tu. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 37,121 Lewiston na 24,061 Auburn. Kila mji una meya wake, halmashauri yake na bajeti yake. Fedha za mpango wa HOME, mfuko wa serikali kuu ya Marekani uliowekwa mahususi kwa nyumba za gharama nafuu, huja kwa jina la miji yote miwili, na Auburn, iliyo ndogo, ndiyo inayoshika kalamu, yaani ndiyo mji kiongozi. Wasomali walianza kuhamia Lewiston mwaka 2001, wakafuatwa na Wakongo na wengine waliopitia kambi za Kenya, ndiyo maana Kiswahili hakisikiki kigeni tena katika mitaa yake.

Sababu ya kuungana iko kwenye sheria ya mwaka 1990 iliyoanzisha HOME. Asilimia 40 ya fedha hupewa majimbo na asilimia 60 hupewa miji na kaunti, kwa hesabu inayotazama idadi ya familia maskini, nyumba za kupanga zilizojengwa kabla ya 1950 zinazokaliwa na maskini, na nyumba za kupanga zenye kasoro. Mji ambao hesabu hiyo haiupi walau dola 500,000 (335,000 katika mwaka ambao Bunge limetenga chini ya bilioni 1.5) hauingii mlangoni. Unaopata chini ya 750,000 (500,000 katika miaka hiyo) unatakiwa, wenyewe au jimbo lake, kujaza pengo. Ila miji inayopakana inaruhusiwa kujumlisha hesabu zao na kuhesabiwa kama mmoja.

Kwa hiyo muungano hauongezi hata senti kwenye chungu cha taifa. Bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 1.5 mwaka wa fedha wa 2023 na bilioni 1.25 mwaka 2024, na chungu hicho hakikui kwa sababu majirani wawili wamesaini karatasi. Mji uliobaki nje nao haukosi kila kitu, kwani unaweza kuomba fungu la jimbo. Tofauti ni kwamba huko unashindana na kila mtu na mipango yako inategemea uamuzi wa mwingine. Muungano unakupa fungu la kila mwaka unaloweza kulipangia miaka mitatu au mitano mbele.

Tuone fungu lenyewe. Tuseme ni dola 600,000 kwa mwaka. Asilimia 10, yaani 60,000, inaruhusiwa kwa uendeshaji. Asilimia 15, yaani 90,000, lazima itengewe mashirika ya kijamii ya nyumba yasiyotafuta faida. Zinabaki 450,000. Katika kaskazini mashariki mwa Marekani nyumba moja mpya ndani ya jengo la ghorofa hupita dola 300,000 bila shida, kwa hiyo hizo zinajenga nyumba moja na nusu. (Nusu haipangishiki.) Ndiyo maana hakuna anayejenga kwa HOME peke yake. Huwekwa juu ya nafuu ya kodi ya mapato kwa wanaowekeza katika nyumba za gharama nafuu, iliyoanzishwa 1986, mkopo wa benki na fedha za jimbo, ili izibe tundu la mwisho. Na mji wenyewe kwa kawaida unatakiwa kuongeza senti 25 kwa kila dola inayotumika nje ya uendeshaji: 135,000 katika mfano huu. Kiwanja kilichotolewa bure au kodi ya majengo iliyosamehewa huhesabiwa, mradi chanzo chake si serikali kuu.

Hapa ndipo hoja ya kuungana ina nguvu kuliko inavyosemwa. Dola 60,000 hazitoshi sana hata kwa mtaalamu mmoja, na zikigawanywa kwa ofisi mbili kila mji una nusu mtu. Kazi hii haifanywi na nusu mtu. Mpokeaji akinunua kiwanja kabla ukaguzi wa mazingira haujapitishwa na fedha kuachiliwa, mradi unaweza kupoteza fedha zote. Nyumba 12 au zaidi zenye fedha za HOME katika mradi mmoja wa ujenzi huleta sharti la kuwalipa mafundi viwango vya mishahara vilivyowekwa na serikali kuu, na ndiyo sababu utakuta miradi mingi ina nyumba 11 za HOME. Kwa sheria, fungu linatakiwa lifungwe kwenye mikataba ndani ya miezi 24, ingawa miaka ya karibuni Bunge limekuwa likilisimamisha sharti hilo, na mradi ukamilike ndani ya miaka minne tangu mkataba wake.

Upande wa pili una uzito wake. Nyumba mpya za kupanga lazima zibaki nafuu kwa miaka 20: wapangaji wa kipato kilichowekewa kikomo, pango lenye kikomo, ukaguzi wa mara kwa mara. Jengo likiuzwa au likivunja masharti mwaka wa 12, Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji hudai fedha zake zirudishwe, tena si kwa fedha za serikali kuu, na barua ya madai huenda kwa mji kiongozi. Hata kama jengo liko ng'ambo ya mto. Mkataba usiosema nani atalipa umemwachia kiongozi mzigo wote, na wanasheria wa halmashauri hawasomi kipengele hiki kwa umakini ule wanaousomea kile cha mgawo.

Mgawo wenyewe nao ni mtego. Viongozi hupenda kugawana sawa kwa sababu ni rahisi kueleza kwa wapiga kura. Miji mitatu, kama Richland, Kennewick na Pasco zilizoungana katika jimbo la Washington, ikigawana zile 450,000 sawa kwa sawa, kila mmoja ungebaki na 150,000, kiasi ambacho ni shida kuziba tundu la mradi wowote wa kupanga. Afadhali kupokezana mwaka, au kushindanisha miradi bila kujali mpaka.

Bado kuna jambo la haki. Hesabu ya HOME huvutwa na umaskini na nyumba kuukuu, kwa hiyo mji maskini ndio unaoleta fedha. Jirani tajiri akijiunga huku kanuni zake za ardhi zinakataza ghorofa karibu kila mtaa, miradi itaangukia kwa maskini yuleyule au haitafanyika. Kwangu hiki ndicho kipimo cha muungano: asiyekubali jengo la nyumba 20 kwenye ardhi yake hana cha kuchangia ila saini.

Tena kutoka si rahisi. Muungano hufungwa kwa miaka mitatu na hakuna mwanachama anayeruhusiwa kujitoa katikati. Kwa kuingia, nia huwasilishwa kwa kawaida kabla ya 1 Machi, na mkataba pamoja na maazimio ya kila halmashauri kabla ya 30 Juni. Mikataba mingi hujihuisha yenyewe, na kiongozi hulazimika kumwandikia kila mwanachama kabla ya muhula mpya kwamba ana haki ya kutoendelea. Barua hiyo ikifika mezani ndipo kipengele cha deni na cha kanuni za ardhi vinaweza kufunguliwa upya. Ikiwekwa faili bila kusomwa, masharti ya zamani yanaendelea kwa miaka mitatu mingine.