Fomu isiyo na nafasi ya hasara

Mwaka 1996 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walitoa fomu ya maswali 21 ya kupima jinsi mtu anavyokua nafsini baada ya kupatwa na jambo zito. Kila swali hupewa alama kuanzia 0 hadi 5, na jumla haiwezi kupita 105. Wagonjwa wa kansa ya matiti wameulizwa maswali hayo katika nchi nyingi. Wengi hujibu kwamba wameanza kuithamini kila siku wanayoamka, wamewakaribia ndugu zao, wamegundua nguvu ambayo hawakujua kuwa wanayo.

Mimi nayaamini majibu hayo. Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, wapo akina mama waliokatwa titi na leo ndio wanaokwenda nyumbani kwa mgonjwa mpya kumwambia asiogope, tena wanachanga kwenye likirimba yao, yaani chama chao cha kuchangiana pesa, ili apate nauli ya kuvuka mpaka kwenda kutibiwa Rwanda. Atakayesema huko si kukua, sijui anatafuta nini zaidi.

Ninachokataa ni fomu hiyo kuletwa kwetu ikiwa peke yake. Alama yake ya chini kabisa, 0, maana yake ni kwamba hakuna kilichobadilika kuwa bora. Sasa mchukue mama ambaye bwana yake aliondoka alipoona kidonda, meza yake ya biashara ikafungwa kwa sababu mkono wa upande uliopasuliwa umevimba na hawezi tena kubeba mzigo. Akiulizwa kama amekaribiana zaidi na watu, atajibu 0. Jirani yake ambaye ndoa yake imebaki ilivyokuwa naye atajibu 0. Kwenye karatasi hawa wawili ni sawasawa! Mmoja ameporomoka, lakini mwenye kusoma takwimu hatamwona hata kidogo. Kasoro hii inajulikana. Mwaka 2008 kikundi cha watafiti, Tedeschi na Calhoun wakiwemo, kilichapisha toleo ambalo kila swali la kukua lina mwenzake la kupungua, jumla maswali 42. Ni marefu kumsomea mgonjwa aliyechoka, lakini heri kumsomea kwa siku mbili kuliko kumfuta.

Halafu kuna imani. Kati ya maswali 21, mawili yanahusu mambo ya roho. Katika mji wetu, ambako kila anayekuja kukutazama anakwambia, "Mama, shukuru Mungu, bado uko," ni nani atakayethubutu kujibu kwamba imani yake haikuongezeka, hasa kama anayeuliza ametumwa na hospitali ya kanisa? Na yule aliyekuwa akisali kwa moyo wote tangu ujana wake, ataongeza nini? Atatoa 5 kwa heshima tu. Alama hizo mbili singezitegemea hapa.

Kinachonisumbua zaidi ni lile neno "baada". Fomu inamtaka mtu afikirie tukio moja, kisha apime alivyobadilika tangu hapo. Mama wa Goma afikirie lipi? Volkano yetu, Nyiragongo, ilimwaga moto mwaka 2002, ikamwaga tena Mei 2021. Vita viliingia mjini Januari 2025. Kansa imemkuta katikati ya hayo yote, na yenyewe haina siku ya kuisha: kuna upasuaji, dawa za kansa zinazotiwa mishipani, kwa wengine mionzi, ambayo wenye uwezo huifuata hadi Kigali, kisha kwa wengi tamoxifen, kidonge cha kuzuia kansa isirudi, kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Akisema amekuwa jasiri, huenda ujasiri huo aliupata akikimbia vita na watoto mgongoni barabara ya Sake, kabla hajahisi uvimbe wowote.

Mwaka 2009 mtafiti wa saikolojia Patricia Frazier na wenzake walipima wanafunzi wa chuo kabla na baada ya mambo mazito kuwapata. Kukua walikosema wenyewe kulikuwa mbali na mabadiliko yaliyopimwa. Sisemi mama zetu wanadanganya. Nasema tusiwaulize mara moja tu, wiki wanayotoka wodini, kisha tukaandika ripoti kwamba wanaendelea vizuri. Ripoti ya namna hiyo inaweza kumfanya mfadhili aone kwamba kazi imekwisha, na kukua hakuondoi maumivu: mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili siku hiyohiyo.

Kwa hiyo ninyi wanafunzi wa saikolojia mnaotafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo, pimeni kukua huko kwa wagonjwa wetu, kazi hiyo tunaihitaji. Mtafuteni mama mtu mzima anayeongea Kiswahili chetu cha hapa aulize, asiwe muuguzi anayemhudumia mgonjwa. Wekeni maswali ya hasara. Rudini baada ya miezi. Na mkifika, ulizeni maumivu kwanza. Asiye na dawa ya kutuliza apelekwe kwa daktari, yale maswali 21 yangoje wiki ijayo.